Asubuhi moja Ruzizi: simama upande gani, saa ngapi, na karatasi gani

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Bagira, Bukavu: "Shemeji zangu watatu wanakuja kutoka Goma kwa boti, pamoja na mtoto wa miaka tisa. Tuna Jumamosi moja tu, tena asubuhi tu, kwa sababu saa nane wanarudi bandarini. Nataka niwaonyeshe mto Ruzizi pale mpakani, tupige picha, tuvuke Cyangugu tunywe chai, na kabla ya saa sita tuwe tumerudi. Wakubwa wana kadi za mpiga kura, mtoto hana kitu. Tuanze wapi, saa ngapi, na nini kinakatazwa?"

Dada, kabla ya karatasi na kabla ya chai, angalia kalenda. Kama Jumamosi hiyo ni ya mwisho wa mwezi, ng'ambo, yaani Rwanda, ni siku ya umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi Wanyarwanda wako kwenye kazi za pamoja, maduka na mikahawa imefungwa, na magari pamoja na moto (pikipiki) za abiria karibu zote zimesimama. Mkivuka saa mbili kasoro mtakuta Cyangugu kimya, hakuna wa kuwapikia chai, na mtakaa kando ya barabara mkiangalia saa mpaka tano. Asubuhi yenu yote itakuwa imeliwa. Kwa Jumamosi ya namna hiyo baki upande wa Bukavu, au omba wageni wasogeze safari kwa siku moja. Jumamosi nyingine za mwezi hazina shida hiyo.

Sasa tuje kwenye mto wenyewe, kwa sababu watu wengi huenda Ruzizi wakaangalia mahali pasipo na kitu. Wanashuka moja kwa moja hadi bariyeri, wanajibanza kwenye msongamano wa wachuuzi, wanaona daraja, kamba na sare za askari, kisha wanasema wameona mpaka. Darajani huruhusiwi kusimama, huruhusiwi kupiga picha, na ukiinama kuangalia maji kuna mtu nyuma yako na gunia la nyanya anayekuambia usogee. Daraja ni la kuvukia. Uzuri uko mahali pawili pengine: pale ziwa linapogeuka kuwa mto, na kwenye mteremko wa ng'ambo unaotazama Bukavu.

Na hapa ndipo saa inapoingia. Ng'ambo ni mashariki, Bukavu ni magharibi. Jua la asubuhi linachomoza nyuma ya vilima vya Rwanda. Ukiwa Nguba au Muhumba, mitaa yetu ya kando ya maji, saa kumi na mbili na nusu, ukielekeza macho ng'ambo, unaangalia moja kwa moja kwenye jua: vilima ni vyeusi, maji ni meupe, picha zote zinatoka kama zimechomwa. Lakini mtu aliyesimama Cyangugu saa hiyohiyo jua liko mgongoni mwake, na linaipiga Bukavu usoni: rasi zote zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, mabati ya Kadutu yanayong'aa kwa nyuma, na siku ikiwa safi, mlima Kahuzi wenye mita 3,308 nyuma ya mji. Mchana mambo yanageuka, Cyangugu ndiyo inayopendeza ukiitazama kutoka kwetu. Kwa hiyo anayeishi Bukavu na hajawahi kuvuka asubuhi hajauona vizuri mji wake. Kama mna karatasi za kuvuka, vukeni mapema, msiache hilo liwe la mwisho.

Jua linachomoza saa ngapi? Sisi tuko karibu na ikweta, lakini halichomozi saa ileile mwaka mzima kama watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa Novemba linatoka karibu saa kumi na moja na dakika arobaini na tatu alfajiri. Katikati ya Februari linachelewa hadi saa kumi na mbili na karibu robo. Miezi mingine iko katikati ya hapo. Kisha ongeza muda wa kilima: ziwa liko mita kama 1,460 juu ya bahari, na uwanda wa Kamembe ulio juu ya Cyangugu unakaribia mita 1,600. Maana yake jua likishatoka angani, maji ya mtoni bado yako kivulini kwa muda. Wakati huo wa kivuli ndio mzuri kwa upande wetu, na ndio mnaotakiwa kuuwahi kabla ya kuvuka.

Ondokeni Bagira mwanga ukiwa umeanza kutoka, si gizani. Saa kumi na moja na nusu inatosha, au baadaye kidogo miezi ambayo jua linachelewa. Watu wazima wanne na mtoto mmoja, chukueni taksi ya kukodi badala ya moto tano zinazopotezana. Mwambie dereva awafikishe Nguba, awaache juu ya mteremko kabla ya kukaribia ofisi za mpakani, mahali ambapo mto unaonekana chini na hakuna askari wa kumuuliza mtu. Kutoka Place de l'Indépendance hadi mpaka wa Ruzizi ya kwanza ni kilomita kama tatu, asubuhi hiyo hakuna msongamano. Vaeni pulovere. Alfajiri hewa hushuka hadi nyuzi kama 15, na mtoto akishaanza kutetemeka ziara imekwisha.

Baridi hiyo ndiyo inayowaletea ukungu. Maji ya juu ya Kivu yana joto la nyuzi 23 au 24 karibu mwaka mzima. Hewa ya alfajiri ikiwa baridi kuliko maji, mvuke unapanda na kulala juu ya ziwa kama moshi wa jiko la kuni. Asubuhi za Juni, Julai na Agosti ndizo zenye ukungu mzito zaidi. Lakini miezi hiyohiyo ya kiangazi ina ubaya wake: vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hujaa hewani, Kahuzi hupotea kabisa, na milima ya mbali inakuwa kama imepakwa majivu. Anayetaka kuona mbali achague asubuhi inayofuata mvua ya jioni, kati ya Septemba na Mei. Mvua inaosha hewa. Wageni wakifika jana yake kukinyesha sana, usiwahurumie, wewe weka saa ya kuamsha.

Mkiwa pale juu, waonyeshe kitu ambacho watu hupita bila kukiona. Ziwa halina mwendo, mto una mwendo, na kuna mahali ambapo moja linakuwa lingine. Tafuta jani au kipande cha jani la mgomba kinachoelea upande wa ziwa. Mwanzoni kinazungukazunguka tu, kinasukumwa na upepo. Kisha kinaanza kunyooka, kinageuza kichwa kusini, na ghafla kina safari. Hapo ndipo Ruzizi inapoanzia. Karibu mita za ujazo 100 za maji hupita hapo kila sekunde, na jani hilo likibahatika litashuka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika, umbali wa kilomita kama 117. Maji hapa mwanzoni ni ya kijani na safi, kwa sababu udongo wote wa milimani umeshatua chini ya ziwa. Wageni wakiwahi kuona Ruzizi ya Uvira wataona ajabu: kule ni kahawia kama chai ya maziwa. Ni mto uleule, ila njiani umepokea vijito vya milimani na udongo wao.

Mtoto wa miaka tisa atauliza: mpaka uko wapi? Mwambie uko majini. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikaa Brussels wakagawana, baada ya miaka ya kusukumana humuhumu Kivu. Idjwi ikabaki Kongo, na Ruzizi ikawa mstari. Mstari huo unaitenga Kongo na Rwanda mpaka pale mto Ruhwa unapoingia. Kuanzia hapo ng'ambo ni Burundi. Ndege hawajapewa habari hizo. Mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani akipiga mabawa kisha anajitupa majini kama jiwe, huchukua samaki upande mmoja akamlia kwenye nguzo ya upande wa pili. Kama mmewahi, mtawaona pia wavuvi wa sambaza wanaporudi na taa zimezimwa: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na mara nyingine nyimbo zao za kupigia kasia zinafika nchi kavu kabla yao. Sambaza wenyewe ni wageni hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna jiko la Bukavu lisilowajua. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaane, kwa kawaida miezi miwili kuanzia Agosti. Mkija wakati huo msingoje mitumbwi.

Kitu kingine mtakachokiona, na hakipendezi, ni chupa na sashe (mifuko ya plastiki) zinazoelea kuelekea mtoni. Usiwafiche wageni. Bukavu ni mji wa miteremko, mvua inafagia kila kitu kutoka kwenye mifereji na mto Kawa hadi ziwani, na ziwa lina mdomo mmoja tu wa kutokea. Kila kinachoelea kinaishia Ruzizi, na kilomita chache chini kuna bwawa la Ruzizi ya kwanza, linalotoa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, megawati zisizozidi 30. Chupa zinarundikana kwenye vyuma vya kuchuja maji mbele ya mashine. Nyingine zinajaa mchanga na kuzama, zinakuwa tabaka chini ya maji. Maji yanapungua nguvu, mashine inazimwa ili isafishwe, na mtaani kwenu watu wanalaumu transfoma. Bwawa la pili, la mwaka 1989, ni la nchi tatu pamoja, Kongo, Rwanda na Burundi. Lina megawati kama 44 na linapokea mabaki yaleyale. Usiwapeleke wageni kwenye mabwawa. Hayo ni maeneo yanayolindwa, na kamera hapo ni kesi.

Turudi kwenye karatasi, kwa sababu hapa ndipo mpango wako una shimo.

Shemeji zako wa Goma wamezoea Petite Barrière, mpaka wa kwao na Gisenyi. Wanafika na kadi ya mpiga kura, wanachukua jetoni, wanaingia Gisenyi, jioni wanarudi. Watadhani Ruzizi ni vilevile. Jetoni ni karatasi ya siku moja, imewekwa kwa ajili ya mkaaji wa mpakani, yaani mtu anayeishi mji huu na anayevuka hapahapa kwa soko au shule. Wewe mwenye kadi ya Bukavu ndiye inayemlenga. Wao wana kadi zenye anwani ya Goma. Afisa mmoja anaweza kuwapitisha, mwingine akawaambia jetoni yao iko Goma, na wote wawili wana hoja. Ukibahatisha, unaweza kujikuta wewe uko ng'ambo na wageni wako nyuma ya kamba. Njia salama ni wao waje na lese-pase ya CEPGL, karatasi ya kusafiria ya jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi, au pasipoti, waliyoipata kabla ya kupanda boti. Pasipoti iwe na kurasa tupu. Mihuri ya kuingia na kutoka inazila haraka.

Tena, tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 Februari 2025, usipange safari kwa maelezo ya jirani aliyevuka miaka mitatu iliyopita. Siku ya Ijumaa mchana, wewe mwenyewe shuka hadi dirisha la uhamiaji pale Ruzizi ya kwanza na uulize mambo matatu kwa mpangilio huu: kesho mnafungua saa ngapi na kufunga saa ngapi, mtu wa Goma mwenye karatasi fulani anapita au hapiti, na mtoto anahitaji nini. Uliza afisa aliye dirishani, si kijana anayekukimbilia nje akisema yeye atakusaidia. Kijana huyo ana jibu moja kwa kila swali, nalo ni ndiyo, mpaka umlipe. Malipo yoyote halali yana risiti. Kama hakuna risiti, hayo si malipo ya karatasi.

Mtoto. Huyu ndiye anayeweza kuwarudisha wote. Mtoto asiye na kitu, anayesafiri na watu wazima ambao pengine si wazazi wake, ndiye afisa yeyote mwenye akili anayemsimamisha, na ana haki. Kama mama au baba yake yumo kati ya hao watatu, walete cheti cha kuzaliwa kinachotaja jina lake na la mzazi, na majina yafanane na yale ya kwenye kadi ya mzazi, herufi kwa herufi. Kama wazazi wamebaki Goma, inahitajika barua ya ruhusa ya mzazi iliyosainiwa na kugongwa muhuri huko, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo. Picha ya barua kwenye simu haitoshi. Na kila mtu awe na kadi ya njano ya chanjo, hata kama jana haikuulizwa; siku ya kurudi ndiyo huulizwa zaidi, kwenye meza ya usafi ya upande wetu.

Mizigo iwe mfuko mmoja wa kitambaa kwa kila mtu. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vingine vya plastiki vya kutumiwa mara moja. Wanafungua mkoba na kuangalia. Makosa ya watu wa Bukavu ni yaleyale: mandazi yamefungwa kwenye sashe, nepi kwenye sashe, viatu vya pili kwenye sashe. Sashe inabaki kwao na wewe unashika mandazi mkononi. Funga kwa karatasi au kitambaa, maji yawe kwenye chupa ya chuma au termosi. Acheni nyumbani nguo yoyote yenye madoa ya kijeshi, hata kofia ya mtoto, na kamera ya kuruka msiifikirie.

Pesa: kwa moto na chai mtahitaji faranga za Rwanda, chenji kidogo tu, zilizobadilishwa kabla hamjafika kwenye msongamano. Wachenji pesa wako pande zote mbili. Dola iwe haina mpasuko hata wa ukucha ukingoni, ama itarudishwa. Uliza bei kwanza, piga hesabu kwenye simu yako na si kwenye mashine yake, kisha pokea na kuhesabu wewe wa mwisho. Mchezo unaojulikana ni huu: anahesabu mbele yako, unaridhika, halafu anasema "nipe nihakikishe," anachukua bunda, analikunja na kukurudishia, na noti mbili za kati zimebaki kiganjani mwake. Zikishafika mkononi mwako zisitoke tena. Kama anataka kuhakikisha, ahakikishe kwa macho.

Simu nayo ina ujanja wake. Pale mtoni, hata kabla ya kuvuka, simu inaweza kukamata mtandao wa ng'ambo ukiwa bado Nguba, na salio la intaneti likaisha mtu akiwa anapakia picha moja. Ingia kwenye mipangilio, zima intaneti ya nje ya nchi, au chagua mtandao wako kwa mkono. Saa ya mkononi msiiguse, Bukavu, Goma na Cyangugu wote wana saa ileile. Ni Kinshasa iliyo nyuma yetu kwa saa nzima.

Kuvuka kwenyewe hakuna mengi: dirisha letu, meza ya afya, daraja kwa miguu, dirisha lao, meza ya kukagua mizigo. Ruzizi ya kwanza ndiyo ya waenda kwa miguu na magari madogo. Ya pili, iliyo kusini zaidi, ndiyo inayopitisha malori, hamna kazi nayo. Wachuuzi hujaa mara mlango ukifunguliwa, kwa sababu mama wa nyanya au wa maziwa anayechelewa soko amepoteza siku. Wapisheni. Mkingoja hadi wimbi la kwanza lipite, nusu saa hivi, mnatembea bila kusukumwa, na nusu saa hiyo ndiyo ile mliyoitumia juu kuangalia ukungu. Mmoja wenu ashike karatasi zote za kundi na awe wa mwisho kuondoka kila dirishani. Wote simu mifukoni, kuanzia ofisi ya kwanza hadi mmeiacha ya mwisho mgongoni.

Hilo la simu nilirudie kwa undani, kwa sababu ndilo linaloharibu asubuhi za watu. Kinachokatazwa, pande zote mbili, ni daraja, ofisi, bendera iliyo ofisini, askari, polisi na mabwawa. Mtu anaweza kudhani anapiga picha ya shemeji anayecheka, kumbe nyuma ya sikio lake kuna mnara wa ulinzi. Angalia kilicho nyuma kabla hujabonyeza. Kanuni rahisi: mgongo kwenye daraja, uso kaskazini kwenye ziwa. Ukielekeza simu ziwani hakuna anayekusumbua. Ikitokea umeitwa, usikimbie, usifute ukiwa unatembea, hiyo ndiyo inayokuza jambo. Simama, salimia, mwonyeshe picha, ifute mbele yake, kisha fungua sehemu ya picha zilizofutwa na uiondoe huko pia, maana simu nyingi huhifadhi picha iliyofutwa hadi siku 30 na maafisa wanajua. Mtu anayefungua sehemu hiyo bila kuambiwa huachwa aende mapema kuliko anayelia kwamba ni mgeni.

Ng'ambo, mkishatoka kwenye ofisi, msipande moto mara moja. Cyangugu ya chini iko palepale mtoni, na kuna hoteli ya zamani kando ya maji, hatua chache kutoka darajani, ambapo mtu anaweza kuagiza chai ya maziwa na kukaa akiangalia mto unavyopita. Chai ni chai tu. Kinacholipiwa ni kiti. Ila hapo mko chini sana kuona Bukavu nzima. Baada ya chai pandeni barabara inayoelekea Kamembe, kilomita kama tano hadi mjini, lakini msifike mjini. Katikati ya kupanda barabara inajikunja na ziwa linafunguka upande wa magharibi. Hapo ndipo pa kusimama. Kati ya saa moja na nusu na saa tatu jua limeshapanda juu ya kilima, linashuka kwenye rasi zetu kwa pembeni, na kila nyumba ina kivuli chake. Baada ya saa tano mwanga unakuwa bapa na mabati yanaumiza macho. Mtaitambua Muhumba, mtaitambua rasi ya La Botte, na mtoto atataka kujua Bagira iko wapi. Iko nyuma, upande wa kulia. Mkichukua moto, kila abiria anavaa kofia ngumu, moto mmoja mtu mmoja; dereva wa ng'ambo hakubali kubeba mama na mtoto pamoja hata ukimwongeza pesa, kwa hiyo mtoto huyu kwake ni abiria mzima, na kama humwamini peke yake basi tembeeni au chukueni gari.

Anzeni kurudi saa nne na nusu. Msihesabu dakika za kwenda mkadhani za kurudi ni sawa, kwa sababu kuingia Kongo kuna meza moja zaidi inayochukua muda, ya mizigo. Mkiwa mmenunua kitu, kiwe kidogo na kionekane. Mtungi wa maziwa au kilo chache za sukari mtu anazishika mkononi bila maneno. Magunia mawili ni biashara na yana dirisha lake. Wenye jetoni wairudishe siku hiyohiyo. Isiyorudi inamwonyesha mtu kama amebaki ng'ambo.

Na ikiwa jibu la Ijumaa dirishani ni kwamba wageni hawapiti, usiwalazimishe. Geuza siku. Alfajiri nendeni Nguba kama nilivyosema, mwone ukungu, jani na mdiria, kisha pandeni Muhumba kabla jua halijawa kali na mtembee ukingoni mwa rasi mkiwa mmeliacha jua upande wa kulia, mkitazama kaskazini kuelekea Idjwi. Huko mwanga wa asubuhi hauwapigi usoni wala hauwatoki mgongoni, unapita kwa ubavu, na maji yanaonyesha kila mkunjo. Sambaza za kukaanga mtazipata mkirudi mjini. Saa tano mko nyumbani, boti yao ni saa nane.